Spiriti na jiko la pampu: usimimine mara ya pili

Katika toleo hili sitaongea juu ya malaria wala kuhara. Nitaongea juu ya chupa ndogo ya spiriti ambayo baadhi yetu tunaiweka karibu na jiko la pampu. Chupa hiyo ina faida, na ukiikosea inakuunguza ndani ya sekunde moja.

Kwanza tuelewane ni jiko gani. Silisemei jiko la mafuta ya taa lenye tambi nyingi, ambalo wengi huliita la mchina. Hilo unawasha kwa kiberiti tu. Nasemea lile lenye tangi la shaba, pampu ubavuni na kichwa cha chuma juu, ambalo likiwaka linanguruma. Wazee wanaliita primusi, kwa sababu Primus ya Sweden, iliyoanza mwaka 1892, ndiyo iliyolieneza duniani. Wazee waliotoka Baraka, Fizi na Uvira wanamjua pia ndugu yake, yaani karabai, taa ya kuvulia ndagala usiku katika Ziwa Tanganyika. Karabai nyingi nazo zinaanza kwa spiriti, kwa sababu ileile.

Najua kwamba wengi wetu hapa tunapikia kuni au mkaa. Mafuta ya taa yalikuwa ghali Tanzania tangu mwaka 2011, Serikali ilipopandisha kodi yake ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Lakini wauza chai na maandazi wengine bado wanalo jiko la pampu, na wakati wa masika kuni zikilowa, hata aliyelisahau chini ya kitanda analitoa.

Kwa nini jiko hili linahitaji spiriti? Mafuta ya taa yakiwa maji hayawaki vizuri. Lazima yageuke mvuke kwanza, na yanaanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, mengine mpaka nyuzi karibu 300. Spiriti ni nyepesi, inachemka kwenye nyuzi 78 tu, na inashika moto hata ikiwa baridi. Ndiyo maana tunaitia kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa cha jiko na kuiwasha. Moto wake unapasha kichwa na bomba zake. Ukipampu, mafuta yanapanda, yanapita kwenye bomba lenye moto, yanageuka mvuke na kutoka kwenye kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Mvuke huo ndio unaowaka kwa rangi ya bluu. Baada ya hapo jiko linajipasha lenyewe, halihitaji spiriti tena mpaka siku utakapolizima.

Kama kichwa hakijapata joto la kutosha na wewe ukapampu, mafuta yatatoka yakiwa maji. Utaona moto wa njano unapanda juu, moshi mweusi, na matone ya mafuta yanayowaka yakiruka pembeni. Watu wengi hapo wanaogopa, wanazima, halafu wanachukua chupa ya spiriti waongeze. Hapo ndipo ajali inapotokea.

Nasema haya kwa sababu yalinipata mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2015, mwaka ule ndugu zetu wa Burundi walipoingia kwa wingi, nami nilikuwa sekondari. Mama alikuwa akiuza chai. Asubuhi moja aliniachia jiko niliwashe. Nilitia spiriti kidogo mno, ikaisha kabla kichwa hakijapata moto. Nilichungulia kwenye kisahani sikuona kitu. Nikafungua chupa nikamimina tena. Kumbe moto ulikuwa bado upo. Ulipanda kwenye mmimino ukaingia ndani ya chupa, na chupa ikatema moto kama mtu anayetema maji mdomoni. Mkono wangu wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko. Mdogo wangu aliyekuwa amekaa ng'ambo ya jiko, ambaye hakugusa kitu chochote, aliungua shingoni. Kovu lake ni kubwa kuliko langu.

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipopata mafunzo ya kujitolea. Moto wa spiriti safi ni wa bluu hafifu, na mchana kwenye jua hauonekani kabisa. Kwa hiyo kusema «nilitazama, ulikuwa umezimika» hakusaidii. Halafu chupa iliyobaki nusu ni mbaya kuliko iliyojaa, maana ile nafasi iliyo wazi imejaa mvuke wa spiriti unaongoja moto. Mvuke huo ukiwaka unasukuma spiriti iliyobaki nje kwa nguvu, nayo inaruka mbali ikiwa inawaka. Anayepatwa mara nyingi ni yule aliye mbele ya mdomo wa chupa. Na majumbani kwetu anayekaa mbele ya jiko akingoja uji ni mtoto.

Sasa fanya hivi. Toa jiko nje, mbali na ukuta wa nyasi na shitingi, uliweke mahali tambarare, na watoto wawe hatua kadhaa nyuma. Tia mafuta ya taa yasizidi robo tatu ya tangi, maana hewa ya pampu inahitaji nafasi. Futa yaliyomwagika. Legeza skrubu ya hewa ili tangi lisiwe na msukumo wowote wakati wa kupasha. Usimimine spiriti kutoka kwenye chupa kubwa. Pima kwanza kwenye kifuniko au kijiko, kisha utie kwenye kisahani mpaka kijae bila kufurika. Kwa majiko mengi ni vijiko viwili vya chai, au vitatu kama kuna baridi au upepo. Funga chupa na uipeleke mbali kabla hujagusa kiberiti. Mimi siku hizi naipeleka ndani ya nyumba kabisa. Watu wananicheka, lakini naipeleka.

Washa, usogee nyuma, uiache spiriti iwake yote. Usiwe na haraka. Inapokaribia kuisha, wakati kimoto cha mwisho bado kinachezacheza, kaza skrubu ya hewa na upampu mara nne au tano taratibu. Mvuke utashika moto kutoka kwenye kile cha mwisho. Ukiona bluu na kusikia mngurumo, ongeza pampu. Ukiona njano inapanda, usiinamie jiko. Legeza skrubu, hewa itoke, moto ushuke wenyewe.

Na kama umeshindwa kuwasha, basi umeshindwa, ungoja. Usimimine spiriti nyingine mpaka uweze kukishika kichwa cha jiko kwa mkono mtupu kisikuunguze. Usianze kukigusa hapohapo. Dondoshea kwanza tone la maji: likilia «chss», bado. Likinyamaza, subiri tena kidogo ndipo ujaribu kwa kidole. Inaweza kuchukua robo saa au zaidi. Wateja wa chai watalalamika, waache walalamike.

Sasa tuongee juu ya kilichomo kwenye chupa, maana hapa pia kuna makosa mengi.

Wapo wanaotumia gongo, ile tunayoiita lotoko au kanyanga. Nikiacha habari ya kwamba gongo imekatazwa na sheria za Tanzania, hata kwa kazi hii haifai. Hujui ina maji kiasi gani. Pombe ambayo nusu yake au zaidi ni maji inashika moto kwa shida, inawaka kinyonge, na mwisho inaacha maji kwenye kisahani na kichwa kikiwa vuguvugu. Mtu anadhani jiko ni bovu, kumbe hakuna joto. Ndipo anaongeza, na tumerudi palepale.

Wengine, tangu wakati wa korona mwaka 2020, wanatumia jeli ya kusafishia mikono. Ni kweli inawaka, kwa sababu ina pombe nyingi. Lakini ni nzito, inaganda kwenye ngozi, na moto wake hauonekani. Ikikudondokea ikiwaka inaendelea kuwaka palepale kwenye kidole. Na tafadhali, ukishapaka jeli mikononi usiwashe kiberiti mpaka ikauke kabisa.

Spiriti inayofaa ni ile inayouzwa kwa ajili ya kuwashia, mara nyingi imetiwa rangi ya bluu au zambarau. Rangi hiyo ni alama ya onyo, isinywewe. Spiriti za namna hii zinaweza kuwa na methanoli, ambayo inaua na kupofusha macho. Anayeinywa anaweza kuonekana amelewa tu, akalala, na kesho yake ndipo anaanza kulalamika kwamba anaona ukungu, tumbo linamuuma na pumzi zinamwendea mbio. Usingoje dalili hizo. Mpeleke hospitali mara tu unapojua amekunywa, na uchukue chupa pamoja naye. Usiihamishie spiriti kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi maandishi, anaona soda.

Kama spiriti imekosekana kabisa, kuna njia ya zamani: kipamba kidogo kilicholoweshwa mafuta ya taa ndani ya kisahani, nje ya nyumba. Kinatoa moshi na masizi, kinachukua muda, na utalazimika kuzibua kitundu mara kwa mara. Mimi sikipendi, ila ni afadhali kuliko hiki ninachokitaja sasa.

Kuna jambo la lugha ambalo limewachanganya wengi waliofika Tanzania. Kongo na Burundi tunaposema «petroli» tunamaanisha mafuta ya taa. Ya gari tunayaita esanse. Hapa Tanzania petroli ndiyo esanse yenyewe! Ukimtuma mtoto akanunue petroli, muuzaji atampimia mafuta ya gari au ya pikipiki, na hajakosea, amempa alichoomba. Ukiyatia mafuta hayo kwenye tangi la jiko la pampu ukapampu, umetengeneza bomu. Hata ukiyatia kwenye kisahani badala ya spiriti, mvuke wake unatambaa chini na kushika moto uliokuwa mbali. Kwa hiyo dukani sema «mafuta ya taa», na mfundishe mtoto aseme hivyohivyo. Kabla ya kutia, nusa. Harufu ya esanse ni kali na nyepesi, inapanda kichwani, na tone lake kwenye karatasi linakauka upesi. Mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta kwa muda mrefu. Kama una shaka, usitie.

Ikiwa ajali imetokea: nguo zikishika moto usikimbie, maana upepo unaongeza moto. Lala chini, funika uso kwa mikono, ujiviringishe. Anayekusaidia akufunike kwa blanketi zito. Mafuta yanayowaka chini usiyamwagie maji, yataelea na kusambaa. Tumia mchanga.

Kidonda cha moto kinahitaji maji ya kawaida yaliyo baridi na safi, yakitiririka juu yake dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri. Kwenye bomba la maji wenzako watakupisha ukiwaeleza, na kama ni nyumbani, tumia jagi na dumu, mmoja akimimina na mwingine akimshika mgonjwa. Mtoto mdogo mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Vua pete na bangili mapema kabla ya kuvimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, na malengelenge usiyapasue.

Mimi siku ile nilipakwa dawa ya meno na jirani aliyenihurumia, na mdogo wangu akapakwa unga wa muhogo. Muuguzi alitumia muda mrefu kuutoa unga ule, na mtoto alilia kuliko alivyolia kwenye moto. Basi usipake dawa ya meno, unga, yai, majivu, mafuta wala udongo. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au mfuko wa plastiki safi, bila kukaza, uende zahanati. Ukiungua usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au kidonda kikizidi kiganja chako, au aliyeungua ni mtoto, nenda hata kama hakuna maumivu. Moto ulioingia ndani sana wakati mwingine hauumi, kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua. Ukifika, uliza pia juu ya chanjo ya pepopunda.

Na kama mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, usimpe maziwa. Akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapodhuru zaidi. Mketishe wima, mpeleke moja kwa moja.

Mwenye jiko la pampu ambalo skrubu yake haikazi, au linalovuja kwenye maungio, asiliwashe kwanza. Amwite mhudumu wa afya wa kijiji chake, tulitazame pamoja likiwa baridi na tangi likiwa tupu.