Kauli ya Kutenda katika Barua ya Maelezo: Mwombaji Aliyewahi Kuadhibiwa kwa Udanganyifu

Makala haya yanachunguza utungo ambao haujapata nafasi katika mitaala yetu ya fasihi, nao ni barua ya maelezo. Huandikwa na mtu anayeomba kujiunga na chuo cha sheria au cha udaktari ilhali aliwahi kuadhibiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma. Yamkini alipatikana na mwakenya katika chumba cha mtihani (neno hili, kama ajuavyo msomaji, hunasibishwa na vuguvugu la siri la miaka ya 1980), au aliwasilisha insha aliyoinakili kutoka kwa kazi ya mwingine. Adhabu amekwisha kuitumikia. Je, aseme nini, na aseme kwa lugha gani?

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Wapo wanaoamini kwamba cheti cha maadili mema kinachotolewa na polisi humaliza neno. Cheti hicho hutolewa baada ya kuchunguza alama za vidole, nacho huhusu makosa ya jinai. Wizi wa maandishi hauandikwi humo; huhifadhiwa katika faili za nidhamu za chuo kikuu, na faili hizo hazifutiki kwa sababu mhusika amehitimu. Hapa Kenya, anayetaka kuwa wakili humwomba Jaji Mkuu kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na ombi lake sharti lithibitishwe kwa kiapo. Aliyezoea kuficha atakuwa ameufikisha uficho wake mbele ya kiapo, mahali ambapo uzito wake ni mwingine kabisa.

Nchini Marekani, ambako baadhi ya wahitimu wetu huenda kufundisha Kiswahili kisha wakavutiwa na taaluma nyingine, swali huulizwa waziwazi. Fomu ya pamoja ya vyuo vya udaktari imekuwa ikimtaka mwombaji ataje hatua yoyote ya nidhamu aliyochukuliwa na chuo, hata kama haionekani katika hati yake ya matokeo. Nafasi ya kujieleza ni herufi 1,325 pekee, pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno. Mshairi aliyezoea kubana maana katika mizani hatashangaa. Kwa upande wa sheria, swali huulizwa mara mbili: chuo huuliza mwanzoni, kisha bodi ya mawakili ya jimbo huuliza miaka kadhaa baadaye na huweza kulinganisha majibu. Kwa hiyo lililoachwa katika fomu ya kwanza hugeuka kuwa kosa la pili, na kwa kawaida hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa ni jipya na limetendwa na mtu mzima anayeomba kuaminiwa.

Mifano miwili itatufaa. Mnamo mwaka 1988, Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota iliamua kesi ya mhitimu wa sheria aliyekuwa amenakili sehemu kubwa ya insha yake ya semina bila kutaja vyanzo. Bodi ilimkataa, mahakama ikamkubali. Kilichomfaa ni kwamba alikiri na akaonyesha majuto ambayo majaji waliyaamini. Mfano wa pili si wa darasani, lakini unaangazia suala lilo hilo. Stephen Glass alikuwa mwanahabari wa jarida la The New Republic, na mwaka 1998 ilibainika kwamba alikuwa akibuni habari. Alisomea sheria na kuhitimu. Hata hivyo, mwezi Januari 2014 Mahakama ya Juu ya California ilikataa kumwidhinisha kuwa wakili, zaidi ya miaka 15 baada ya kufichuliwa. Miongoni mwa yaliyomponza ni maelezo aliyokuwa ametoa katika ombi lake la awali jijini New York, ambamo alitia chumvi kuhusu jinsi alivyosaidia kuyatambua makala yake ya uongo. Kwa istilahi zetu, majaji walimwona kuwa msimulizi asiyeaminika.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuchangia. Lugha yetu ina utajiri wa kauli za vitenzi, na utajiri huo ni mtego kwa mwandishi wa barua hii. Linganisha sentensi hizi: 'Nilinakili kurasa nne', 'Kurasa nne zilinakiliwa', 'Kurasa nne zilinakilika'. Katika ya pili mtenda amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa, ingawa bado twaweza kuuliza ni nani aliyenakili. Katika ya tatu hata swali hilo limezimwa, kana kwamba kurasa zilijinakili zenyewe usiku watu wamelala. Barua nyingi za kujieleza, hata zile za kila siku kwa walimu wakuu, hujaa 'kulitokea', 'ilionekana' na 'nilijikuta'. Kitenzi 'kujikuta' hasa ni hodari wa kumtoa mtu hatiani. Msomaji aliye katika bodi tayari ana taarifa ya chuo mkononi, iliyoandikwa kwa kauli ya kutenda: mwanafunzi aliingia na karatasi, mwanafunzi alikanusha. Anachopima ni umbali baina ya usimulizi huo na ule wa mwombaji.

Ugonjwa, karo au msiba vyaweza kutajwa iwapo ni kweli, lakini baada ya tendo, wala si kabla yake. Sentensi inayotanguliza 'kwa kuwa' imekwisha kuanza kujitetea. Yatosha kueleza kilichotendwa, mwaka, uamuzi wa chuo na adhabu, kisha mambo yanayoweza kuthibitishwa yaliyofuata: kozi iliyorudiwa, tasnifu iliyosimamiwa vyema, miaka ya kazi bila doa.

Limebaki jambo linalowahusu wahadhiri. Mwombaji huyu atawaijia akitaka barua ya mapendekezo, na mara nyingi atanyamaza kuhusu faili lake. Mhadhiri amwulize kabla ya kuandika. Anayeijua habari yote aweza kuandika kwamba alimfundisha mtu huyo baada ya adhabu na kusoma kazi zake ukurasa baada ya ukurasa. Asiyeijua atamwita mwaminifu bila kufafanua, na bodi itaisoma sifa hiyo huku faili likiwa wazi mezani.