Saa za Nyumbani ni za Nani?

Katika nyumba nyingi za Likasi husikika neno hili: "Sina nafasi." Mke hulisema arudipo sokoni, mume hulisema arudipo kazini, au katika kutafuta kazi, na watoto hulisikia pande zote mbili. Lakini siku ina saa 24 kwa kila mtu, wala hakuna aliyepewa 25. Basi yafaa tuulize: saa hizo zimegawanywaje, na ni nani aliyeuweka mgawo huo?

Wazee wetu wanajua. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966, kampuni ya Union Minière ndiyo iliyopanga siku ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Mume alitoa saa zake kiwandani, akapata mshahara, nyumba na posho, na posho hiyo ilizidi kwa ajili ya mke na watoto. Mke alishika kazi za nyumbani, na akina mama walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Mgawo huo ulikuwa na sababu yake: mmoja alileta chakula, mwingine alikipika.

Kisha mambo yakageuka. Kampuni ya serikali iliyoshika nafasi hiyo mwaka 1967, yaani Gécamines, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1993 hazikufika hata 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Ndipo akina mama wengi waliposhika jembe na beseni, wakalima, wakauza unga, makala na samaki, ili watoto wale na kusoma.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kazi mpya ziliongezwa juu ya mama, bali zile za zamani hazikupunguzwa. Tuseme mama anaamka saa kumi alfajiri. Anateka maji, anawasha moto, anawaandaa watoto, anakwenda sokoni. Jioni anarudi, na bukari bado inamngoja yeye. Mume anayetaka kuzungumza naye usiku anamkuta amesinzia, naye anadhani amedharauliwa. Kumbe hakudharauliwa, mwenzake amekwisha nguvu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tena saa zinazokosekana huchukuliwa kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni binti. Yeye ndiye anayebaki nyumbani kumlea mdogo wake wakati kaka yake anafanya mazoezi ya shule. Mwisho wa mwaka tunamlaumu kwa alama mbaya!

Sheria nayo imesogea. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria. Sheria ya Julai 2016 ililiondoa sharti hilo. Ni jambo jema, lakini hakuna sheria itekayo maji. Kazi hiyo yapaswa kupangwa na wawili wenyewe.

Basi twatoa shauri. Jumapili moja, mume na mke waketi, waandike kazi zote za juma, hata zile ndogo zisizoonekana, na mbele ya kila kazi jina la mwenye kuifanya. Karatasi hiyo itasema bila ugomvi. Kisha wagawe upya: mume aliye nyumbani asione haya kuteka maji au kuwaosha watoto; wavulana wafue nguo zao; chakula kingine kiwe chepesi siku ya soko. Tena kila mmoja aachiwe saa yake, ya kupumzika, kusoma au kuonana na rafiki, wala asiulizwe sababu. Mwishowe, jioni mbili katika juma ziwe za wawili hao kuzungumza, kabla usingizi haujawashika.

Jirani wengine watamcheka mume mwenye ndoo mkononi. Na wacheke. Watoto wake watakuwa wanaangalia, na watajifunza.