Autokrosi: Kwa nini pedi ghali za breki zinaweza kumponza dereva

Dereva anayejiandaa kwa mbio zake za kwanza za autokrosi huweza kuanza kwa kununua pedi za breki zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano makubwa, akiamini kwamba kilicho ghali zaidi ndicho kilicho salama zaidi. Katika mchezo huu, imani hiyo yaweza kumkosesha ushindi, na akiwa njiani kurejea nyumbani yaweza kumgharimu maisha.

Autokrosi ni mchezo wa magari ambao dereva hushindana na saa. Katika nchi jirani ya Kenya, mbio hizo hufanyika kwenye njia za udongo, na Jamhuri Park jijini Nairobi ni miongoni mwa maeneo yaliyowahi kuzipokea. Nchini Marekani, mchezo wenye jina hilo hilo hufanyika juu ya lami, kwenye maegesho makubwa au viwanja vya ndege visivyotumika, huku koni za plastiki zikionyesha njia. Huko, mkupuo mmoja huchukua takriban dakika moja, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva sekunde za adhabu.

Jambo linalounganisha mbio za pande zote mbili ni ufupi wake. Gari husubiri zamu yake likiwa limesimama, hukimbia kwa muda mfupi, kisha husimama tena. Breki zake huanza kazi zikiwa baridi.

Joto ndilo linaloamua

Dereva anapokanyaga breki, pedi huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Gari la kilo 1,200 linapopunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa huzalisha takriban kilojuli 220 za joto. Likipunguza kutoka kilomita 160 hadi 80, joto hilo huwa mara nne.

Dereva wa lori anayeteremka Mai Mahiu kuelekea Bonde la Ufa anaijua hatari ya breki zilizochemka: hukanyaga, lakini lori halipungui mwendo inavyotakiwa. Pedi za mbio ndefu zimetengenezwa kustahimili joto la namna hiyo. Hata hivyo, ustahimilivu huo una gharama yake, kwani nyingi kati ya pedi hizo hazishiki vizuri mpaka zipate moto wa kutosha. Katika autokrosi, mkupuo huweza kumalizika kabla moto huo haujapatikana.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe, "Pedi hii inastahimili joto kiasi gani?" bali, "Inaanza kushika katika joto gani?" Watengenezaji wa pedi za michezo kwa kawaida hutaja kiwango cha chini na cha juu cha joto la kufanyia kazi. Kwa autokrosi, kiwango cha chini ndicho chenye uzito zaidi.

Herufi mbili za kusoma

Pedi nyingi huwa na herufi mbili zilizochapwa ubavuni au mgongoni, kama vile EE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha nguvu ya msuguano katika joto la kawaida la kazi, na ya pili katika joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi yenye herufi FE, kwa mfano, hupungua nguvu inapopata moto.

Herufi hizo husaidia kulinganisha, lakini hazielezi yote. Haziji na habari za muda ambao pedi itadumu, wala haziahidi jinsi itakavyoshika mara ya kwanza inapokanyagwa asubuhi ya baridi.

Lami na udongo

Juu ya lami kavu, matairi hushika vizuri, na dereva hunufaika na pedi inayouma mara tu inapoguswa. Juu ya udongo mambo hubadilika. Matairi huteleza mapema, na pedi kali kupita kiasi hufunga magurudumu kabla dereva hajapima mguu wake. Hapo hufaa pedi ambayo nguvu yake huongezeka taratibu kadiri kanyagio linavyosukumwa.

Ikumbukwe pia kwamba pedi haiwezi kuzidi uwezo wa tairi. Ikiwa breki za sasa zinaweza kufikisha magurudumu yote kwenye ukomo wa kuteleza, pedi kali zaidi haitafupisha umbali wa kusimama. Itabadilisha tu jinsi kanyagio linavyohisiwa mguuni.

Aidha, si busara kufunga pedi kali nyuma na kuacha za kawaida mbele. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele. Magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza, gari huzunguka.

Kabla ya kuingia uwanjani

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa na diski. Kwa kawaida hilo hufanywa kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha kuendesha polepole mpaka breki zipoe, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Mafuta ya breki nayo yakaguliwe, kwa kuwa hunyonya unyevu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155.

Kwa anayeanza, pedi nzuri ya barabarani kutoka kwa muuzaji anayeaminika mara nyingi hutosha, hasa ikiwa gari linalokimbia Jumapili ndilo litakalopeleka watoto shuleni Jumatatu. Mtoto akikatiza barabara ghafla alfajiri, pedi haitapewa nafasi ya kupata moto kwanza.