Sare ya Shule na Dhamiri ya Mtoto: Kesi ya Isiolo

Kanisa linapowapokea shuleni mwake watoto wa dini nyingine, je, limewapa nafasi iliyo sawa, au limewapa nafasi tu? Swali hili lilifika mahakamani nchini Kenya, na kwa kuwa mdai alikuwa Kanisa, linatuhusu sisi watumishi wa Injili kama linavyowahusu wanasheria.

Shule yenyewe ni St. Paul's Kiwanjani, sekondari ya kutwa huko Isiolo, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 iliombwa kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani kupinga. Hoja yake si ya kudharauliwa: sare humfanya mtoto wa tajiri na wa maskini waonekane sawa, na mmoja akiruhusiwa kujitofautisha, wengine nao watadai. Mahakama Kuu ilikubaliana nayo mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwezi Septemba 2016. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo iliitengua hukumu ya Rufani, lakini kwa sababu ya utaratibu: madai ya mzazi aliyetetea hijabu yaliingizwa isivyo sahihi ndani ya kesi ya mwingine. Atakayetaka kuliendeleza jambo hilo alielekezwa aanzie Mahakama Kuu. Basi wanaodai kwamba haki ya dini ilishindwa na sare wanaivuta hukumu kupita maneno yake.

Kwa mwanatheolojia, hoja iliyo nzito ni ile ya Mahakama ya Rufani. Kanuni yaweza kuandikwa kwa maneno yanayomhusu kila mtu, na bado mzigo wake ukaangukia mabega ya wachache. Msichana Mkristo akikatazwa kujifunika kichwa, kwa kawaida hapotezi kitu. Mwenzake, anayeamini kwamba Mungu amemwamuru kujifunika, anaambiwa achague kati ya masomo na utii. Mlango ni mmoja, lakini kizingiti hakiwi cha kimo kimoja kwa wote wawili. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamkabidhi mdhamini malezi ya kiroho, huku ikimtaka alinde imani ya wengine.

Ndugu mmoja atajibu: "Shule ni yetu." Je, ni yetu kwa maana gani? Luther alipotetea shule mwaka 1524 hakuwaandikia maaskofu, bali madiwani wa miji ya Ujerumani; akasema kwamba hata kama pasingekuwa na roho, mbingu wala jehanamu, shule zingehitajika kwa ajili ya utawala wa dunia hii, za wavulana na za wasichana. Kwa mafundisho yetu wenyewe, basi, shule iko katika ule utawala ambao Mungu anauendesha kwa akili na haki, wala haigeuki kuwa usharika kwa sababu askofu aliweka jiwe la msingi. Tanzania tunalo la kukumbuka hapa. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozitaifisha shule nyingi za misheni, sababu mojawapo ilikuwa kwamba watoto wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma katika elimu hiyo.

Hijabu, hata hivyo, ni jambo jepesi kuliko mengine yanayozikabili bodi za shule za bweni. Ibada ya lazima ni zito zaidi. Mimi naona mtoto wa dini nyingine aruhusiwe kutohudhuria, mzazi wake akiomba, naye apewe mahali pa kusomea saa hiyo, si fagio. Chakula cha mwezi wa Ramadhani ni rahisi: daku lahitaji mpishi mmoja wa kuamka mapema, na futari yaweza kuwa kile chakula cha jioni kilichokwisha kulipiwa ada.