Debe la Kahawa Katika Mji wa Santa María de Dota

Msafiri atokaye San José, mji mkuu wa Costa Rica katika Amerika ya Kati, akielekea kusini hupanda milima yenye baridi na ukungu, kisha hushuka katika bonde la mji mdogo wa Santa María de Dota. Pande zote ni mibuni, iliyopandwa juu ya miteremko mikali hata mgeni hustaajabu wachumaji husimamaje.

Afikaye kati ya Desemba na Machi huiona kazi yenyewe. Buni mbivu huchumwa kwa mkono, moja moja. Wachumaji wengi ni wa kabila la Ngäbe kutoka Panama, nao huja pamoja na jamaa zao. Hulipwa kwa cajuela, kipimo cha lita 20, yaani kadiri ya debe moja. Siku ya ugonjwa haina malipo.

Buni ikilala huchacha na kupoteza ladha. Kwa hiyo hupelekwa kupimwa siku ile ile, mbele ya mwenyewe. Kinu si mali ya tajiri mmoja, bali ni cha chama cha ushirika, Coopedota, kilichoanzishwa mwaka 1960 na wakulima 96. Hata maganda makavu hayatupwi. Huchomwa katika tanuri za kukaushia kahawa.

Mkulima hupewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Salio hungoja mpaka kahawa iuzwe ng'ambo. Bei ikianguka huko, salio hupungua, nao wachumaji wamekwisha kulipwa na kwenda zao.