Kidonge Nilichokiacha



Ramadhani moja hapa Makambako, mimi mwalimu niliacha vidonge vyangu vya presha. Sikuona maumivu yoyote, nikadhani nimepona. Siku ya kumi na mbili, nikiwasomesha watoto, ulimi ukawa mzito na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Vijana wakanichukua hospitali. Alhamdulillahi, sikupooza, lakini niliona haya mbele ya wanafunzi wangu.

Maradhi haya ni mwizi asiyebisha hodi. Damu huhesabiwa imepanda ifikapo 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa siku mbalimbali. Mwenye nayo aweza kulima na kucheka na jamaa zake, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiharibika. Kidonge huizuia presha, hakiing'oi, ukikiacha, hurudi.

Tena tujihadhari na dawa za maumivu. Baridi ya Njombe ikituuma viungoni, twakimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hupandisha presha, hudhoofisha dawa zake, na huweza kuumiza figo. Basi umwambie muuza dawa kila unachomeza. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambayo wauzaji wake hufundishwa, ulianza mwaka 2003 kwa jirani zetu wa Ruvuma. Hatuna udhuru wa kununua vidonge kwa mchuuzi wa stendi, wala kumeza vya jirani.

Ama saumu, katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Na daktari akiona waweza kufunga, atakupangia dawa wakati wa futari na daku. Basi muulize tangu Shaabani, mimi sikuuliza.

Tangu 2015 nchi yetu ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayotibu maradhi ambayo zamani wengi walipelekwa India. Ni neema kubwa, lakini toka kwetu ni zaidi ya kilomita 600. Kipimo cha presha ki karibu zaidi. Mama wa nyumba apunguze chumvi, isizidi kijiko kidogo cha chai kwa mtu kwa siku; na baba aende akapimwe, ingawa hajisikii mgonjwa.

Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Wabillahi tawfiq.