Bariadi na Nchi ya Simiyu: Udongo, Ng'ombe na Nyumbu

Msafiri atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma hufika Lamadi, mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Speke, na hapo njia humgawanyikia. Akiendelea mbele kidogo atalikuta lango la Ndabaka, liingizalo watu katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa upande wa magharibi. Akikata kulia ataifuata barabara ya lami ya kiasi cha kilomita 70 hadi Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Wageni walio wengi hushika njia ya kwanza. Wachache washikao ya pili aghalabu wana shughuli za pamba, za serikali, au wanakwenda msibani. Makala haya yanaishika njia hiyo ya pili, kwa sababu mtu apendaye elimu ya viumbe na ya ardhi hawezi kuyaelewa vema atakayoyaona ndani ya lango la Ndabaka pasipo kuijua kwanza nchi iliyo nje yake.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikitolewa Shinyanga, na Busega ikitolewa Mwanza. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Jina limetokana na mto Simiyu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wakati wa masika mto huo hufurika kwa kishindo, na wakati wa kiangazi sehemu zake nyingi hubaki mchanga mtupu, watu na ng'ombe wakinywa maji ya visima vilivyochimbwa humo humo mtoni.

MNYORORO WA UDONGO

Jambo la kwanza la kutazama halina kiingilio. Mgeni na asimame juu ya mwinuko wowote kati ya Bariadi na Maswa, kisha ateremke polepole hadi bondeni, akiangalia chini ya miguu yake. Juu, karibu na mawe, atakanyaga mchanga mwepesi, ambao Wasukuma huuita luseni. Akishuka atakuta udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, ndio itogolo. Chini kabisa yako mabonde mapana ya udongo mweusi wa mfinyanzi, nayo huitwa mbuga. (Mtu wa Dar es Salaam asikiapo neno hilo huwaza simba, mkulima wa Bariadi huwaza gari lililokwama.)

Mpangilio huu si wa bahati. Mvua huumumunya mwamba ulioko juu, chembe kubwa za mchanga zikabaki mtelemkoni, na chembe laini pamoja na chumvi zikachukuliwa na maji hadi bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, ndiye aliyeueleza ulimwengu wa sayansi jambo hili mwaka 1935, akalipa jina la Kilatini katena, maana yake mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa katika vyuo vya udongo duniani kote, lakini mkulima wa Kisukuma alikuwa na majina ya pete za mnyororo huo, na alijua ni ipi ya viazi na ipi ya mpunga, kabla ya mtaalamu huyo kufika.

Udongo wa mbuga hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, hata ardhi ikapasuka nyufa ambazo mguu wa ndama waweza kuzama. Wanafunzi wanaweza kuupima mwenendo huo kwa zana hafifu: wafinyange mche wa udongo mbichi wenye urefu wa sentimita 10, wauache kivulini hadi ukauke kabisa, kisha waupime tena. Wafanye vivyo hivyo kwa luseni. Tofauti ya vipimo viwili itawaeleza kwa nini nyumba na barabara za nchi hii hupata nyufa mahali fulani na si pengine.

Mawe nayo yasipitwe. Matale yaliyorundikana vilimani yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Yalipoa ndani ya ardhi, na yamefichuliwa baada ya udongo uliokuwa juu yake kuchukuliwa na mvua. Humo hukaa pimbi, mnyama mdogo kama sungura ambaye ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu naye huota jua hapo; jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, kwa heshima ya Mwanza.

CHANJO YA NG'OMBE ILIYOZAA NYUMBU

Watu husafiri kutoka mabara yote kuja kutazama nyumbu wa Serengeti, ambao idadi yao inazidi milioni moja. Mwezi Mei na Juni makundi hayo hupitia ukanda wa magharibi wa hifadhi, upande wa mito Mbalageti na Grumeti. Mwenye kuwatazama hudhani wamekuwa wengi hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo, na sababu yake imo katika mazizi ya vijiji kama vya Bariadi, Maswa na Meatu.

Mnamo mwaka 1890 hivi sotoka iliingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini. Virusi vya ugonjwa huo viliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na pamoja nao nyati na nyumbu, kwa maana wanyama hao wote ni wacheuaji na mwili wao hushambuliwa kwa namna moja. Njaa iliyofuata iliwaua watu wengi. Baadaye sotoka haikuondoka. Iliendelea kunyemelea mwaka hata mwaka. Ndama wa nyumbu alilindwa kwa miezi michache na kinga aliyoinyonya katika dang'a ya mama yake, na kinga hiyo ilipokwisha akafa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Watu walidhani wanyama wa porini ndio hifadhi ya maradhi, na ng'ombe ndio waambukizwao. Katika miaka ya 1950 ng'ombe waliozunguka Serengeti wakaanza kuchanjwa, na huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora iliyokuzwa katika chembe hai maabarani. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1963, sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu. Yaani ng'ombe ndio waliokuwa chemchemi, na chemchemi ilipozibwa mkondo ukakauka. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha nyumbu wapatao 260,000 mwaka 1961; mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na laki tatu.

Mambo hayakukomea hapo. Nyumbu walipoongezeka walikula majani mengi zaidi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua kuwa miti. Mgeni apigaye picha ya mgunga wakati wa machweo ya Serengeti anapiga, pasipo kujua, picha ya matokeo ya sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji. Sotoka ilirudi kwa nyati mwaka 1982, ikazimwa, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imefutwa duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu baada ya ndui.

Fundisho la mwaka 1994 lilikuwa chungu zaidi. Virusi vijulikanavyo kwa kuwaua mbwa viliingia kwa simba, na karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti wakafa. Mbwa wa vijijini walishukiwa, wakaanza kuchanjwa kwa wingi, pamoja na kukingwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba virusi vile vya simba vinaweza kuendelea kuzunguka hata pale mbwa walipochanjwa, jambo lenye maana kwamba chemchemi si mbwa peke yao. Chanjo ya kichaa, kwa upande wake, imeokoa maisha ya watoto.

MPAKANI

Kusini-mashariki mwa Bariadi liko Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962, nalo limepakana na Serengeti. Meatu iko jumuiya ya hifadhi ya Makao, ambamo vijiji vimetenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyamapori. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko asiwaonyeshe wanyama tu; awakutanishe pia na mkulima ambaye tembo wamemla mtama kwa usiku mmoja. Mizinga ya nyuki na kamba zilizopakwa pilipili husaidia kuwazuia, ila hudai uangalizi wa kila siku, na haki haidai kwamba mzigo huo umwelemee aliye jirani ilhali faida inakwenda mbali.

Ngitili ni kitu kingine cha kuona. Ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi kikikaza. Vichaka vingi vya nchi hii vilifyekwa zamani kwa makusudi ya kumwangamiza mbung'o, kisha pamba na kuni vikamaliza vilivyosalia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, haukuleta miti migeni ukaishia hapo; uliihuisha desturi hiyo ya wenyeji. Katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, ngitili ziliongezeka kutoka kiasi cha hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Msimu ufaao kwa ziara ni Juni hadi Agosti. Njia za mbugani zimekauka, pamba imevunwa (Simiyu ndio mkoa uongozao kwa zao hilo nchini), na ngoma zimeanza. Bagika na Bagalu, vyama viwili vishindanavyo tangu karne ya 19, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Bayeye hucheza na nyoka. Atazamaye asimame mbali. Mgeni asemaye "Mwangaluka" asubuhi hatakosa kukaribishwa matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani hadi vikawa vikavu kiasi cha kutoota ukungu ghalani.

Ziara na iishie Ndabaka, na wanafunzi wabebe daftari mbili. Katika moja waandike wanyama watakaowahesabu ndani ya lango kwa saa moja. Katika nyingine, wakirudi Bariadi, wahesabu kwa saa moja ng'ombe watakaowaona kando ya barabara, na wawaulize wenyewe ni lini walichanjwa mara ya mwisho.